Akijibu sawa, muulize mwanao: Umejuaje?

Mtoto wa miaka mitano amesimamishwa mbele ya wageni sebuleni. Anahesabu moja, mbili, tatu mpaka hamsini bila kukwama, kwa mahadhi yaleyale aliyofundishwa shuleni. Wageni wanapiga makofi. Shangazi anasema huyu atakuwa mhasibu.

Wageni wakishaondoka, mwagie mtoto huyohuyo vizibo vya soda mkekani na umwambie, "Nipe vizibo saba." Wapo watoto watakaohesabu kimoja kimoja, wafike saba na kusimama. Wapo watakaochota konzi moja na kukukabidhi. Na wapo watakaofika saba kisha wakaendelea nane, tisa, kumi, mpaka vizibo viishe, kwa sababu wimbo haujaisha.

Wote hao wanajua kuhesabu kwa mdomo. Ni yule wa kwanza tu anayejua kwamba "saba" ni jibu la swali "vingapi?"

Kila Januari wazazi wengi huhangaika na sare, viatu, madaftari na ada. Ukiuliza kama mtoto yuko tayari kuanza shule, utajibiwa kwamba anajua kuhesabu hadi mia na anaandika namba zote. Hayo ni mazuri. Lakini kuna jambo jingine lisiloonekana kwenye daftari, nalo ni mtoto kuwa na mazoea ya kujiuliza kama jibu lake lina maana, na kuweza kueleza kwa nini anaamini ni sahihi. Wataalamu wa elimu huliita fikra tunduizi. Kwa lugha ya nyumbani, ni kufikiri kabla ya kukubali.

Mazoea hayo hayahitaji masomo ya ziada wala vifaa vya gharama. Yanahitaji mtu mzima mwenye subira ya kusikiliza.

Nahodha ana miaka mingapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa ufundishaji wa hisabati mjini Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto wa shule ya msingi swali hili: Kwenye meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10. Nahodha ana umri gani?

Mtu mzima akilisoma hucheka. Idadi ya kondoo haihusiani kabisa na umri wa nahodha. Lakini kati ya watoto 97 wa miaka saba hadi tisa waliopewa swali hilo, 76 walitoa jibu kwa kutumia namba walizopewa. Walijumlisha 26 na 10, wakaandika 36, wakapiga mstari chini ya jibu. Swali hilo lilipata umaarufu kiasi kwamba mwaka 1985 mtafiti wa Ufaransa, Stella Baruk, alikipa kitabu chake jina linalotokana nalo.

Baadaye mtafiti wa Uswisi, Kurt Reusser, alitumia swali la aina hiyohiyo: kuna kondoo 125 na mbwa 5, mchungaji ana miaka mingapi? Mwanafunzi mmoja alieleza alivyofikiri. Alijumlisha akapata 130, akaona ni umri mkubwa mno. Akatoa akapata 120, bado mkubwa mno. Akagawanya akapata 25. Hapo akaridhika, kwa kuwa mchungaji wa miaka 25 anawezekana.

Tusiwacheke watoto hawa haraka. Huyu wa pili alifikiri sana. Alipima kila jibu na kulikataa lisilowezekana. Tatizo ni kwamba kitu kimoja tu hakukigusa, nacho ni swali lenyewe. Alishajifunza kwamba swali la hisabati likishatolewa na mwalimu lazima liwe na jibu, jibu lazima litokane na namba zilizomo, na kazi ya mwanafunzi ni kutafuta alama ya kuweka katikati: kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya.

Hakuna mwalimu aliyeandika kanuni hiyo ubaoni. Watoto huiokota wenyewe, siku baada ya siku, kutokana na namna sisi wakubwa tunavyowauliza na tunavyopokea majibu yao.

Watoto wadogo husoma uso wako

Kuna jaribio jingine linaloonyesha jambo hili linavyoanza mapema. Mwanasaikolojia maarufu wa Uswisi, Jean Piaget, alikuwa akiwapangia watoto mistari miwili ya vitu vyenye idadi sawa, vikitazamana kimoja kwa kimoja. Mtoto akishakubali kwamba mistari ni sawa, mtafiti aliutanua mstari mmoja ukawa mrefu zaidi, bila kuongeza chochote, kisha akauliza tena: mstari upi una vingi? Watoto wengi walio chini ya miaka sita au saba waliuonyesha ule mrefu. Piaget akaona kwamba katika umri huo mtoto bado haelewi kuwa idadi haibadiliki kwa kupanga vitu upya.

Katikati ya miaka ya 1970, watafiti wawili wa Scotland, James McGarrigle na Margaret Donaldson, walilirudia jaribio hilo kwa watoto wa miaka minne hadi sita, wakabadilisha kitu kimoja. Badala ya mtafiti kuutanua mstari kwa mkono wake, alitokea mwanasesere wa dubu, "mtundu", akavivuruga vitu kama kwa bahati mbaya. Kisha swali likaulizwa vilevile.

Matokeo yalikuwa tofauti kabisa. Mtu mzima alipovisogeza mwenyewe, karibu mtoto mmoja tu kati ya sita ndiye aliyejibu sawasawa. Dubu alipovivuruga, zaidi ya nusu walisema idadi ni ileile.

Kwa nini? Fikiria upo mbele ya mtu mkubwa unayemheshimu. Amekuuliza, umejibu sawa. Kisha akafanya kitu mbele yako kwa makusudi na kukuuliza swali lilelile. Si utadhani anataka jibu jingine? Watoto wengi walikuwa wakisoma nia ya mkubwa kuliko kuangalia vitu vilivyopo mezani.

Mzazi, hapa ndipo pa kujitazama. Mara ngapi mtoto anasema "sita", nawe unauliza kwa sauti ya ukali, "Sitaa?" Papo hapo anasema "saba!" Hukumwambia amekosea, na huenda alikuwa amepatia. Ameibadilisha namba kwa kuangalia nyusi zako.

Swali moja linatosha

Dawa yake ni fupi. Mtoto akijibu, muulize: "Umejuaje?"

Sharti ni moja: liulize akipatia na akikosea pia, kwa sauti ileile. Ukiliuliza pale tu anapokosea, ndani ya siku mbili atajua kwamba "umejuaje" maana yake ni "umekosea", na atabadilisha jibu kabla hujamaliza kutamka.

Mwanzoni atakwambia, "Nimejua tu," au "Mwalimu amesema." Usikasirike. Mwambie, "Nionyeshe." Mtoto wa miaka mitano hueleza vizuri zaidi kwa vidole, vizibo na kokoto kuliko kwa maneno. Ukimuuliza tatu na tano ni ngapi, mmoja atahesabu vidole vyote kuanzia moja. Mwingine ataanzia tano na kuendelea: sita, saba, nane. Wa tatu atasema, "Nne na nne ni nane, nikachukua moja huku nikaweka huku." Wote wamesema nane, lakini wako hatua tatu tofauti za kufikiri, na bila kuuliza usingejua.

Ukishasikia njia yake, unaweza kuongeza maswali mawili. La kwanza: "Kuna njia nyingine?" La pili, ambalo ni zuri zaidi: "Dada yako anasema ni tisa. Utamwambiaje?" Hapo mtoto analazimika kutetea hoja yake kwa mtu asiyekubaliana naye. Hilo ndilo zoezi lenyewe la fikra tunduizi, na halihitaji kitabu.

Kiswahili kinamsaidia, mtumie

Mtoto anayezungumza Kiswahili ana hazina ambayo wazazi wengi hawaioni. Sikiliza namba zetu: kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Jina lenyewe linakwambia ndani kuna kumi na kitu kingine kidogo. Kwa Kiingereza, eleven na twelve hazionyeshi hilo waziwazi, na thirteen husikika karibu sawa na thirty.

Tofauti hii si ndogo. Wachina nao husema kumi-moja, kumi-mbili. Kevin Miller na wenzake walipolinganisha watoto wadogo wa China na wa Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1995, waliona kwamba kwenye moja hadi kumi watoto walikuwa wanakaribiana, ila kuanzia kumi na moja kwenda mbele wale wa China walitangulia.

Kwa hiyo kama mwanao anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, usiache kuhesabu naye kwa Kiswahili nyumbani. Hutamchanganya. Unampa picha ya kumi iliyofichika ndani ya namba.

Kisha mpe kitendawili cha lugha. Sita na sitini, saba na sabini, tisa na tisini: majina yanafanana. Je, tano na hamsini? Nane na themanini? Mwache agundue mwenyewe ni namba zipi zinafanana na "kaka zake wakubwa" na zipi hazifanani. Mtoto anayetafuta mpangilio na kuona mahali unapovunjika anafanya hisabati, hata kama hajashika penseli.

Kuna jingine. Tunasema watoto wawili, vikombe viwili, maembe mawili, ndizi mbili. Neno linabadilika vazi kila mara, lakini kuna kitu hakibadiliki. Muulize: "Watoto wawili na maembe mawili wanafanana nini?" Baadhi watasema hawafanani, mtoto haliwi. Cheka naye, kisha mpange kila mtoto na embe lake. Na siku nyingine muulize ni namba zipi zisizobadili vazi kamwe. Ukifika kumi atakuwa amezikuta nne: sita, saba, tisa na kumi.

Na saa je? Simu yako inaonyesha 7:00, nawe unasema ni saa moja. Mtoto anayeanza kutambua namba ataliona hilo na kudhani mmoja kati yenu anadanganya. Usimwambie tu "ndivyo ilivyo". Chukua saa ya ukutani yenye mishale. Mwonyeshe kwamba sisi tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku linapozama, wakati saa za simu zinaanza kuhesabiwa usiku wa manane. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, ng'ambo yake kuna 1. Ukiwa kwenye 8, ng'ambo yake kuna 2. Muulize: "Ukiwa kwenye 10 tutasema saa ngapi? Umejuaje?"

Jikoni, sokoni na uwanjani

Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti uliofanyika Recife, Brazil. Waliwafuata watoto watano wa miaka tisa hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni, wakawauliza bei kama wateja wa kawaida. Majibu yao yalikuwa sahihi kwa asilimia 98. Baadaye waliwaandikia hesabu zilezile kwenye karatasi, namba tupu bila nazi wala fedha. Usahihi ukashuka hadi asilimia 37.

Mmoja wao, aliyeulizwa bei ya nazi 10 wakati moja ni cruzeiro 35, alikuwa tayari anajua nazi tatu ni 105. Akaongeza tatu nyingine zikawa 210, akaongeza tatu tena, kisha moja iliyobaki, akafika 350. Shuleni angefundishwa kuongeza sifuri tu. Njia yake ni ndefu, lakini kila hatua anaijua maana yake.

Hatusemi watoto wetu wapelekwe kuuza sokoni. Tunasema namba zikishikamana na kitu anachokijua, mtoto hujua kama jibu lina akili. Na nyumba zetu zimejaa vitu hivyo.

Sarafu. Weka sarafu nne za shilingi 100 upande mmoja na moja ya shilingi 500 upande wa pili. Upande upi una fedha nyingi? Watoto wengi wadogo huchagua sarafu nne. Usimsahihishe. Mpe apange sarafu za 100 mpaka zifikie ile ya 500, kisha umuulize tena baada ya siku kadhaa.

Andazi. Mkate mmoja andazi lake vipande viwili na mwingine umwachie zima. Wa kwanza atafurahi kwamba ana mawili. Waache wajadiliane nani amepata zaidi. Kugawana kwa haki ni hesabu ya kwanza ambayo mtoto yuko tayari kuipigania.

Kopo. Pima mchele uleule kwa kopo kubwa, kisha kwa kikombe kidogo. Kwa kopo umepata matatu, kwa kikombe umepata saba. "Mchele umeongezeka?" Hapa mtoto anajifunza jambo ambalo hata wakubwa hulisahau: namba bila kipimo haina habari kamili. Siku moja ndilo litakalomsaidia kumuuliza muuzaji kwa nini kopo lake limebonyea chini.

Nyanya. Kwa mtoto wa darasa la kwanza au la pili, simama mbele ya mafungu. Fungu la nyanya nne ni shilingi 500, la nyanya sita ni shilingi 1,000. Lipi lina nafuu? Akisema la nne, muulize amejuaje. Huenda akasema mafungu mawili ya nne ni nyanya nane kwa shilingi 1,000. Huenda pia akasema zile sita ni kubwa zaidi, au kwamba kubwa zimepangwa juu na ndogo zimefichwa chini. Hilo nalo ni jibu zuri. Ameona kwamba idadi si kila kitu.

Mdako. Mchezo huu wa kurusha kijiwe juu na kutoa vingine shimoni, kwanza kimoja kimoja, kisha viwili viwili, kisha vitatu vitatu, ni darasa la makundi ya namba. Muulize mtoto: "Kama vijiwe ni kumi na ukitoa vitatu vitatu, vitabaki vingapi mwishoni?" Atavijaribu mwenyewe.

Njia ya namba. Chora chini kwa chaki vyumba kumi mfululizo, uandike 1 hadi 10. Kila mmoja arushe sarafu: upande mmoja hatua moja, upande wa pili hatua mbili. Anayesonga ataje namba anazopita. Watafiti Robert Siegler na Geetha Ramani wa Marekani walichapisha mwaka 2008 matokeo ya mchezo wa aina hii wa ubao kwa watoto wa chekechea kutoka familia za kipato cha chini. Vipindi vinne vya dakika 15 ndani ya wiki mbili vilitosha kuwaongezea watoto uelewa wa ukubwa wa namba. Wenzao waliocheza mchezo uleule wenye rangi badala ya namba hawakupata faida hiyo.

Tahadhari moja: penye mtoto mdogo anayetambaa, kusanya vizibo, maharage na sarafu mara mnapomaliza. Huingia mdomoni haraka.

Kosa lina sababu yake

Mwambie mtoto aandike kumi na mbili. Anaweza kukuandikia 102. Wazazi wengi hupandisha sauti hapo. Lakini angalia alichofanya: amesikia "kumi", akaandika 10. Amesikia "mbili", akaandika 2. Amefuata maneno yako neno kwa neno. Asichojua bado ni kwamba katika kuandika, ile 1 ikikaa kushoto kwa namba nyingine tayari ina maana ya kumi.

Ukimwambia "wewe huna akili", umempa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu kosa lake. Ukimwambia, "Hebu nisomee ulichoandika," kisha mkafunga vijiti kumi kwa kamba na kuweka viwili pembeni, ataona kifungu kimoja na vijiti viwili: 1 na 2. Kosa limefundisha.

Fimbo na kejeli hufanya kazi moja kwa uhakika: humfundisha mtoto kuficha asichokijua. Akishaanza kuficha, hutajua tena anavyofikiri, na mwalimu pia hatajua. Atanakili kwa jirani, atakariri jedwali, na kwa miaka michache alama zinaweza hata kuwa nzuri. Kisha zinakuja hesabu ambazo haziwezi kukaririwa. Si siri kwamba hapa nchini hisabati ni miongoni mwa masomo yanayowaangusha wanafunzi wengi zaidi kwenye mtihani wa kidato cha nne. Safari ya kwenda huko haianzii kidato cha kwanza.

Greg Duncan na wenzake walipounganisha takwimu za tafiti sita zilizowafuatilia watoto wa Marekani, Uingereza na Canada tangu wakiwa wadogo, waliona mwaka 2007 kwamba uelewa wa hisabati mtoto anapoanza shule ulionyesha vizuri zaidi kuliko mambo mengine waliyopima jinsi atakavyofanya darasani miaka ya baadaye. Hiyo haina maana kwamba aliyechelewa amekwisha. Ina maana kwamba miaka hii si ya kuchezea.

Adabu na swali vinaweza kukaa pamoja

Wazazi wengine wana hofu ya kweli: mtoto akizoea kuuliza "kwa nini", si ataonekana jeuri? Katika nyumba nyingi, anayeuliza mara tatu huambiwa anabishana na wakubwa. Shuleni anaweza kupata matatizo.

Hofu hiyo isipuuzwe. Mfundishe namna ya kuuliza. "Shikamoo mwalimu, samahani, sijaelewa tumefikaje hapo" ni swali gumu lililovaa adabu. "Bibi, mimi nimepata nane, naomba tuhesabu pamoja" halimvunjii bibi heshima. Mtoto anayejua maneno haya hatalazimika kuchagua kati ya kuwa na heshima na kuwa na akili.

Nawe umwonyeshe mfano. Ukiwa unapanga bajeti ya wiki, fikiri kwa sauti: "Nina elfu ishirini, unga elfu sita, mafuta elfu tano… hapana, ngoja, hii haiwezi kuwa kweli, nirudie." Mtoto akisikia mkubwa anashuku hesabu yake mwenyewe na kuirudia bila aibu, atajua kwamba kushuku jibu ni sehemu ya kazi.

Kuhusu shule, zungumza na mwalimu kwa upole. Madarasa mengi ya awali na ya kwanza yana watoto wengi kuliko anavyoweza kuwasikiliza mmoja mmoja. Huenda hana dakika tano za kumuuliza mwanao amejuaje. Wewe unazo, njiani kwenda shule au mnapochambua mboga. Na ukikagua daftari, usiishie kuhesabu vema. Chagua swali moja tu alilopata na moja alilokosa, umwambie akueleze yote mawili.

Jaribu jioni hii

Mkiwa mnakula, mwambie mwanao: "Kwenye daladala kulikuwa na abiria 20. Wakashuka watano. Konda ana miaka mingapi?"

Akisema 15, usimcheke. Muulize, "Umejuaje?" na umsikilize mpaka mwisho. Kisha mwambie achore daladala, abiria na konda, mtafute pamoja ni wapi katika picha hiyo panaonyesha umri wa konda. Wiki ijayo mpe swali jingine la aina hiyo, katikati ya maswali mawili ya kweli, asijue lipi ni lipi.

Na siku atakapokukazia macho na kusema, "Sasa mimi nitajuaje miaka ya konda wakati hukuniambia?", mpe mnofu wa ziada.